Mwongozo kamili wa kuandaa maonyesho na rali ya vyombo vya usafiri vya umeme: Arusha hadi Moshi na kurudi

Ukishuka kwenye bajaji ya umeme pale stendi swali ni moja tu, "inakula ngapi hiyo?" Hawaulizi inakimbia kiasi gani wala imetoka nchi gani, wanataka kujua inakula ngapi, na mwenye bajaji anajibu kwa kukadiria, mmoja anasema buku mbili kwa siku, mwingine anasema haili kitu kabisa, aliyeuliza anaondoka hajamwamini hata mmoja. Mi nilianza kuandaa hizi siku za vyombo vya umeme kwa sababu ya swali hilo hilo, na karibu kila nitakachoandika hapa chini kinarudi kwenye kitu kimoja: kupima umeme mbele ya watu, kwa mita, kila mtu aone namba kwa macho yake. Maonyesho bila mita ni gari zimepaki tu, na rali bila mita ni msafara wa harusi.

Natumia mfano wa Arusha kwenda Moshi kwa sababu ndiyo njia ninayoijua, na kwa kweli ni njia nzuri mno kwa kazi hii. Kilometa 80 hivi kwenda, lami mwanzo mwisho, Arusha iko juu karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na Moshi iko chini yake kama mita 500, yaani ukienda unateremka na ukirudi unapanda, na hapo ndipo watu wanaielewa betri. Wewe uliyeko Mwanza, Dodoma au Tanga badilisha majina ya barabara, hesabu zinabaki zile zile.

Kwanza elewaneni ni rali ya aina gani

Ukitaja rali huku kwetu mtu anawaza vumbi na kasi, na ana haki, maana Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika na wazee wetu walikaa pembeni ya barabara kuitazama. Hii yetu siyo hiyo. Mashindano ya kasi yana utaratibu wake, vibali vyake, bima zake na chama chake, kikundi cha mtaani msijiingize huko. Yetu ni rali ya kutunza muda na kutunza umeme, mtu anapewa wastani wa mwendo, anatakiwa afike kwa dakika aliyopangiwa, si mapema si kwa kuchelewa, na mwishoni tunapima ametumia uniti ngapi. Hata FIA, hao wakubwa wa michezo ya magari duniani, wana mashindano yao ya ecoRally yanayokwenda kwa misingi hiyo hiyo, kwa hiyo akitokea mtu wa kuwaambia hii siyo rali ya kweli mwelezeni hivyo kwa upole.

Liandikeni hili kwenye kila karatasi: hakuna barabara itakayofungwa, hakuna kukimbizana, sheria za barabarani zinabaki vile vile, na anayepigwa tochi na trafiki ametoka kwenye mashindano hapo hapo.

Tarehe, na kwa nini siku mbili

Masika kuanzia Machi mpaka Mei sahau. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi Moshi ina Kili Marathon na vyumba havipatikani. Mwanzoni mwa Agosti viwanja vya Nanenane pale Themi, Njiro, vina wenyewe. Desemba usithubutu kabisa, kuanzia tarehe 20 ile barabara imejaa watu wanaorudi nyumbani Kilimanjaro na hutapata trafiki hata mmoja wa kukusaidia. Mi napenda wikendi iliyo karibu na tarehe 9 Septemba, ambayo ndiyo siku ya magari ya umeme duniani, kiangazi kipo na vumbi linavumilika.

Siku mbili ni lazima, na sababu ni betri. Jumamosi maonyesho, usiku wa Jumamosi vyombo vyote vinachajiwa pale pale uwanjani kwenye mita zenu, Jumapili alfajiri vinaondoka vikiwa vimejaa. Halafu kuna hili, Jumamosi ni siku ya soko Tengeru, watu, mikokoteni na daladala vinajaa pale kando ya barabara, kupitisha rali hapo siku hiyo ni kutafuta ajali. Jumapili ukiondoa gari ya kwanza saa 12 na nusu asubuhi unapita Tengeru na Usa River kabla watu hawajatoka ibadani.

Barua

Wiki 12 kabla, kaeni kikao kikiwa na watu watano wa kazi, siyo 20 wa kutoa maoni: mwenyekiti, mtu wa umeme, mtu wa njia na muda, mtu wa usalama, mtu wa pesa na wadhamini. Mtu wa umeme awe fundi mwenye leseni ya kazi hiyo, hapa msibembelezane.

Barua zianzie chini. Mwenyekiti wa mtaa agonge muhuri, mtendaji wa kata agonge muhuri, ndipo upande kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) na kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa. Kumbuka njia hii inapita mikoa miwili, kwa hiyo ni barua Arusha na barua Kilimanjaro, na katikati unagusa halmashauri ya Meru na ya Hai, wape nakala. Sheria inataka polisi wapewe taarifa angalau saa 48 kabla ya mkusanyiko, lakini ukienda na saa 48 hujaandaa kitu, peleka wiki 6 kabla na uende mwenyewe kwa miguu kuulizia, barua isiyofuatiliwa inalala. Barabara kuu ni ya TANROADS, zile za ndani ya mji ni za TARURA, kama unataka kusimika bango au mshale wowote pembeni ya barabara waandikie, hata kama ni mshale wa karatasi ngumu.

Kwenye "Yah:" usiandike "kuomba kibali cha mashindano ya magari", utaitwa kujieleza mara nne. Andika ukweli wenyewe: "Yah: Maonyesho ya vyombo vya umeme na msafara wa kupima matumizi ya umeme, Arusha–Moshi". Ambatisha ramani ya njia, idadi ya vyombo, muda wa kuondoka wa kila kimoja na namba za simu za waandaaji. Afisa akiona mnaachia chombo kimoja kila baada ya dakika mbili na hamhitaji barabara ifungwe, sura yake inabadilika.

Umeme wa uwanjani, hapa ndipo siku inapoharibikia

Nitakaa hapa muda mrefu maana ndipo nilipoumia. Jaribio letu la kwanza tulikuwa na gari tatu tu, tukatumia ekstensheni ya kuzungusha, ile yenye gurudumu, tukavuta waya mita kama tano tukaacha uliobaki umejiviringisha humo ndani kwa sababu hatukuuhitaji. Baada ya saa moja na nusu hivi nikasikia harufu. Nilivyogusa lile gurudumu lilikuwa la moto kama pasi, plastiki ya ndani imeshashikana, waya umegandana wenyewe kwa wenyewe, ukivuta hautoki. Breka ilikuwa haijakata, kwa sababu umeme uliokuwa unapita haukuzidi kiwango, joto ndilo lililokosa pa kutokea. Tangu siku hiyo kanuni ya kwanza ni kwamba waya wote unafunguliwa mpaka mwisho na kulazwa chini hata kama unahitaji mita mbili tu, na uwe wa milimita za mraba 2.5 kwenda juu.

Sasa hesabu. Soketi ya kawaida ya pini tatu imeandikwa ampia 13, lakini gari inachaji masaa mengi mfululizo bila kupumzika, kwa hiyo weka chaja kwenye ampia 10. Ampia 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3, maana yake kila saa moja inavuta uniti 2.3. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni masaa 10, uniti 23. Gari yenye betri ya uniti 40 iliyofika uwanjani ikiwa na nusu itajaa. Iliyofika ikiwa na asilimia 10 haitajaa, na mwenyewe atakulaumu wewe, kwa hiyo mwambie mapema aje na nusu au zaidi.

Gari nane ni kilowati 18.4 kwa wakati mmoja, hapo huwezi kutegemea laini ya nyumba ya kawaida. Unahitaji fezi tatu (laini yenye nyaya tatu za umeme badala ya mmoja) na ugawe mzigo: gari tatu fezi ya kwanza, tatu ya pili, mbili ya tatu, ambazo utaongezea bajaji na pikipiki. Fundi apime kwanza hata kama mwenye uwanja ameapa kwamba "hapa umeme upo wa kutosha". Nenda TANESCO wiki moja kabla uulize kama kuna matengenezo wikendi hiyo. Na kama mna jenereta ya akiba, lijaribuni mapema na gari halisi, maana chaja nyingi za gari zinakataa kabisa kuchaji kama hazioni athi (waya wa kwenda ardhini), jenereta linanguruma, gari inawaka taa ya kosa na watu wamesimama. Fundi achimbie nondo ya athi na afunge inavyotakiwa, siku tatu kabla, siyo usiku ule.

Mita: nunua zile mita ndogo ambazo wenye nyumba wanafungia wapangaji kugawana LUKU. Moja kwa kila soketi, zifungwe kwenye ubao mmoja mrefu kwenye kimo cha macho, kila moja na namba kubwa ya chombo kinachochaji hapo. Huo ubao ndio kitovu cha maonyesho yenu. Watu watakuja kuukodolea macho kuliko gari yenyewe, utaona mzee anasimama dakika 10 anaangalia namba inavyosogea taratibu, anatoa simu anapiga picha, anarudi baada ya saa nzima kuangalia imefika wapi.

Kila nusu saa mtu apite aguse kila plagi kwa kiganja. Ikiwa ya vuguvugu sawa. Ikiwa huwezi kuacha mkono hapo, shusha chaja mpaka ampia 8 au 6, au badilisha soketi. Usiku zamu ziwe za watu wawili wawili na daftari.

Maonyesho ya Jumamosi

Usipange vyombo kwa ukubwa wa mdhamini, panga kwa kazi. Safu ya pikipiki na bajaji iwe mlangoni, kwa sababu wengi watakaokuja ni watu wa bodaboda na bajaji, na kwao hili siyo suala la kupenda teknolojia, ni mkate wa kila siku. Waalike kupitia viongozi wa vijiwe, nenda mwenyewe, usitume bango tu kwenye grupu la WhatsApp. Safu ya pili gari ndogo, hizi Nissan Leaf zilizotoka Japani, nyingine dashibodi bado inaongea Kijapani na mwenyewe ameshazoea. Safu ya tatu mizigo na utalii, hapa Arusha kuna karakana zinazotoa injini ya dizeli kwenye Land Cruiser ya safari na kuweka mota, na ile gari ikifunguliwa boneti umati unahama wote.

Kila chombo kiwe na karatasi moja yenye vitu vitano: betri ya uniti ngapi, inachaji masaa mangapi kwa soketi ya kawaida, imetembea kilometa ngapi mpaka leo, mwenyewe analipa kiasi gani kwa mwezi, na kitu gani kimeshamharibikia. Hicho cha tano wauzaji hawakipendi, washikilie. Mtu akisoma kwamba Leaf ya jirani yake imepoteza baa tatu kati ya 12 za afya ya betri na bado inampeleka kazini kila siku, ataamini pia yale mazuri.

Tenga eneo la kujaribu, mita 150 hivi, koni pande zote, mlango mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka. Vyombo hivi havina sauti vikienda polepole, mtoto hasikii kitu nyuma yake, kwa hiyo kila kichwa cha njia kuwe na mtu wa filimbi na refleksa, na hakuna chombo kinachosogea popote uwanjani bila mtu wa kutembea mbele yake. Aliyekaa kwenye usukani awe na leseni ya daraja hilo, bila kujali ni mheshimiwa gani.

Weka bango moja la hesabu ya mafuta. EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, wanatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, andika bei ya Arusha ya mwezi huo kwa chaki, pembeni andika bei ya uniti, ambayo kwa T1, kundi la wateja wa kawaida, ukijumlisha kodi na tozo inafika kama shilingi 356. Acha watu wapige hesabu wenyewe kwa simu zao.

Chakula, muziki na vyoo mnajua wenyewe. Muziki usizidi, watu wanataka kuuliza maswali.

Kuandikisha na kukagua

Uandikishaji ufungwe wiki mbili kabla. Kila mshiriki alete leseni, bima iliyo hai na kadi ya gari. Ukaguzi Jumamosi mchana: tairi, breki, taa, mikanda, kofia ngumu mbili kwa pikipiki, na hali ya betri. Kwa Leaf kuna kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachotuma taarifa kwenye simu na kukwambia betri imebaki na afya asilimia ngapi, kikundi kikinunua kimoja kinatosha kwa wote.

Hapa uwe na moyo mgumu kidogo. Leaf ya zamani ya uniti 24 ikiwa na afya asilimia 70 imebaki na kama uniti 16. Kwenda Moshi itakula 10 au 11 kwa kuwa inateremka, inafika na tano. Kurudi inahitaji 14 au zaidi. Itafika Moshi vizuri kabisa, halafu kurudi inategemea masaa ya kuchaji bila umeme kukatika hata dakika moja. Mimi gari kama hiyo siipeleki Moshi, naiweka kundi la njia fupi linalogeuzia Usa River, kama kilometa 25 kutoka mjini, na namwelezea mwenyewe kwa heshima pembeni, siyo kwenye spika. Gari ikizimika Kikatiti juu ya mteremko, picha yake ndiyo itakayosambaa, na miezi sita mtakuwa mnaieleza.

Bajaji na pikipiki zisipelekwe barabara kuu ya Moshi kabisa. Baada ya Tengeru njia nne zinaisha, unabaki na njia mbili za kupishana na mabasi na malori, bajaji ya kilometa 45 kwa saa hapo ni hatari kwa aliyemo na kwa walio nyuma yake. Zipewe mzunguko wa mjini: Njiro, kipilefti cha Impala, mnara wa saa, kurudi Njiro, mara tatu, asubuhi hiyo hiyo ya Jumapili mji ukiwa bado umetulia.

Kanuni za rali yenyewe

Wastani wa mwendo kwa njia ndefu ni kilometa 45 kwa saa, kilometa 80 inakuwa saa moja, dakika 46 na sekunde 40. Wengine watasema ni polepole mno, lakini hesabu ina vijiji vyote vile vya kilometa 50 kwa saa, vivuko vya shule na matuta. Vyombo vinaachiwa kwa tofauti ya dakika mbili.

Vituo vya muda viwe vitatu, na mahali vilipo wasijue. Mi huwa naviweka maeneo kama Maji ya Chai, njia panda ya KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) na Bomang'ombe, pembeni kabisa ya barabara kwenye eneo la kupaki, kila kimoja na watu wawili, saa iliyolinganishwa na simu, na fomu. Gari haisimami, mtu anaandika namba na sekunde inapopita. Kuchelewa kila sekunde 10 ni pointi moja, kuwahi kila sekunde 10 ni pointi mbili. Hiyo ya kuwahi kuwa na adhabu mara mbili ndiyo inayoua mbio zote, hata kijana mwenye mguu mzito anajikuta anatembea kwa adabu mwenyewe bila kuambiwa. Kwa njia fupi na ule mzunguko wa mjini tumia mfumo huo huo, wastani mdogo zaidi.

Kuhusu umeme: kila chombo kinaondoka kikiwa kimejaa asilimia 100, na mita yake imesomwa na kusainiwa na mwenyewe. Wakifika Moshi kama saa 2 na nusu asubuhi wanachomeka tena kwenye ubao mwingine wa mita, tafuta chuo au uwanja wenye fezi tatu uliokubaliana nao mapema, na wanachaji mpaka saa 8 mchana. Masaa matano na nusu kwa kilowati 2.3 ni karibu uniti 12 na nusu, wanarudisha karibu chote walichotumia kushuka. Masaa hayo watu wa Moshi nao wanakuja kuangalia, kwa hiyo ni maonyesho ya pili bila gharama ya pili. Wanarudi Arusha saa 10 jioni, wanachomeka ubao wa kwanza, wanajaza mpaka 100 tena. Jumla ya mita ya Moshi na mita ya mwisho ya Arusha ndiyo matumizi ya safari nzima.

Angalieni, dashibodi itasema umetumia 24, mita itasema 28. Siyo wizi, sehemu ya umeme inapotea kama joto wakati wa kuchaji, na unaoulipia ni ule wa mita, kwa hiyo tumia wa mita. Uniti 28 kwa kilometa 160 ni kama shilingi elfu kumi. Gari ya petroli inayokwenda kilometa 12 kwa lita ingetaka lita 13 na kidogo, zidisha kwa bei iliyoko kwenye bango lako.

Na ule mlima waelezeeni washiriki kabla hawajaondoka. Gari ya kilo 1,600 pamoja na abiria kuipandisha mita 500 ni uniti 2 na kidogo juu ya matumizi ya kawaida. Wakati wa kushuka mota inageuka kuwa jenereta inarudisha sehemu ya hizo, siyo zote. Dereva anayejua kuachia mafuta mapema (tunasema mafuta kwa mazoea tu) kabla ya tuta badala ya kufunga breki ghafla atamshinda mwenye gari mpya. Ndiyo raha ya rali hii, anayeshinda ni mguu.

Kulinganisha vyombo tofauti, gawanya kwa vichwa. Gari iliyotumia uniti 17.5 kwa kilometa 100 ikiwa na watu wanne ni 4.4 kwa kila kichwa, pikipiki iliyotumia 3 ikiwa na wawili ni 1.5. Watu wataanza wenyewe kujaza gari ndugu na majirani, na hilo ndilo tunalotaka. Kila kundi lina mshindi wake: nafasi kwenye muda jumlisha nafasi kwenye umeme, mwenye jumla ndogo ameshinda.

Usalama

Zimamoto waandikie mapema na uwaombe waje Jumamosi, namba yao 114 iandikwe kila nguzo. Betri ya lithiamu ikianza kutoa moshi, kufuka au kuvimba, kazi yenu ni kukata umeme kwenye breka kuu ya ubao, kuondoa watu mita 15 au zaidi upande upepo unakotoka, na kupiga simu. Mtungi wa unga unaweza kuzima ndimi lakini ndani bado kuna moto na utawaka tena, kinachopoza ni maji mengi kwa muda mrefu, na hiyo ni kazi ya wenye mavazi yake. Acheni mita tatu kati ya chombo na chombo wakati wa kuchaji usiku, na hakuna kuchaji ndani ya ukumbi. Bajaji zenye betri za maji na asidi ziwe mahali pa hewa ya kutosha, zinatoa gesi ya haidrojeni zikichaji, sigara mbali kabisa. Chombo kilichopata ajali au kilichopita kwenye mafuriko hakichajiwi kwenye uwanja wenu, hata mwenyewe alie.

Msalaba Mwekundu Jumamosi uwanjani, na Jumapili gari la huduma ya kwanza liwe la mwisho kwenye msafara likifuatana na gari la kubeba, lile la kulaza gari mgongoni siyo la kuvuta kwa kamba, gari ya umeme kuvutwa magurudumu yanayoendeshwa na mota yakiwa chini inaweza kuharibu mota.

Pesa

Mzigo mkubwa ni fundi na nyaya, kukodi uwanja, na gari la kubeba. Kiingilio kwa watazamaji msiweke. Washiriki wachangie gharama ya umeme kwa namba ya mita yao, na risiti. Mdhamini anayetaka mita zisionyeshwe kwa chombo chake mkataeni. Zawadi nzuri kuliko kikombe ni tokeni za LUKU, mshindi anaingiza nyumbani na familia nzima inajua baba au mama ameshinda nini, na kwa bodaboda kofia ngumu mpya mbili, ya kwake na ya abiria.

Matokeo

Msitangaze mshindi Jumapili jioni. Najua mgeni rasmi yupo, kamera zipo, watu wamechoka wanataka kuondoka, lakini gari bado zinachaji na zitamaliza kama saa 5 usiku, ukitangaza kwa kukadiria umeivunja kazi yote uliyoifanya. Jumapili jioni toa vyeti vya kushiriki na zawadi za waliotunza muda. Jumatatu asubuhi watu wawili wa kamati na wawakilishi wawili wa washiriki wasome mita pamoja, wapige picha kila moja, waandike, wasaini. Jedwali lote liende kwenye grupu na libandikwe ofisi ya mtaa na kwenye vijiwe vya bodaboda, likiwa na majina ya vyombo, kilometa, uniti, shilingi, na wale walioshindwa kumaliza na sababu zao. Halafu barua za shukrani kwa polisi wa mikoa yote miwili, ndani ya wiki hiyo, nakala ya jedwali ikiwa imeambatishwa, na ubao wa mita upelekwe kwa fundi ukaguliwe kabla ya kufungiwa stoo.